Refa wa Nakhuni

Kwa miaka kumi na minne nilishika kibendera pembeni mwa uwanja wa Nakhuni, na aliyekuwa katikati na kipenga mdomoni alikuwa Maliko Namasasu. Watu wakilisikia hilo hudhani tulikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Sivyo. Nyumbani kwake nimeingia mara chache mno, na maneno yetu mengi yaliishia mlangoni, mimi bado nimeshika baiskeli, yeye ameegemea mhimili wa baraza kama mtu anayengoja uondoke ili aendelee na shughuli zake.

Kabla ya kuwa refa alikuwa beki wa kulia wa Mphezi, timu ya kwetu. Mbio hakuwa nazo, chenga hakuzijua, lakini alikuwa na mikono. Mpira ukitoka pembeni karibu na kona, wenzake walimngoja. Alikuwa akiufuta kwa jezi, anarudi nyuma hatua tano, halafu anaurusha mpaka mbele ya goli. Njati ya Mthawira, watani wetu wa ng'ambo ya mto, walifundishana wakibanwa pembeni waubutue uwe kona, maana kona ya Mphezi ilikuwa na nafuu kuliko mkono wa Maliko.

Siku za kazi alikuwa kwenye mashine ya kusaga ya mzee Kaposa, pale sokoni. Ilikuwa mwezi wa Januari, mwezi ambao kwetu chakula ni cha kuhemea na foleni ya akina mama huanza kabla jua halijapanda. Mkanda wa mashine ulikuwa wazi, hauna kizuizi chochote, na Kaposa alikuwa ameambiwa mara nyingi. Siku hiyo ulishika mkono wa shati la Maliko, ukauvuta na mkono wenyewe. Aliwahi kunisimulia mara moja tu, na alichonisimulia ni sauti. Alisema wale akina mama wote walinyamaza kwa pamoja, mashine ikaendelea kusaga peke yake, na akasikia unga unavyomiminika. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Alirudi kutoka hospitali baada ya wiki saba. Mkono wa kulia ulikuwa umeishia juu ya kiwiko.

Kijiji kilimpokea vizuri, na nasema hivyo bila kejeli. Chifu alimwondolea zamu ya kutengeneza barabara. Akishika ndoo, mtu alikuja kuipokea. Akishika jembe, shemeji yake alilichukua taratibu na kumwambia apumzike. Mwanzoni alishukuru. Mtu aliyetoka kulala hospitali wiki saba anashukuru kwa kila kitu.

Lakini kuna jambo la sahani. Kwetu wanaume hula pamoja. Bakuli la maji linazunguka, watu wananawa, sima iko kwenye sahani moja na mboga kwenye nyingine, na mikono ya kulia inakutana pale katikati. Jioni ya kwanza aliyorudi, Maliko aliketi barazani kwa mjomba wake Sinoya kama zamani. Akanyoosha mkono wa kushoto, maana ndio aliokuwa nao. Mikono mingine ilianza kwenda polepole. Mmoja akasema ameshiba, mwingine akakumbuka mbuzi wake. Kesho yake shangazi alimletea sahani ya peke yake, ndogo, na kijiko juu yake, na kipande cha kuku kilichokuwa kizuri kupita vyote.

"Ule kwa raha zako, mwanangu," shangazi alimwambia.

Tangu siku hiyo popote alipokwenda, arusini, msibani, kwa jirani, sahani yake ilikuja peke yake, na nyama yake ilikuwa nono kuliko ya wenziwe. Aliniambia hajawahi kula vizuri namna ile, wala kula mbali na watu namna ile, na walikuwa hatua mbili kutoka alipokaa.

Msibani ilikuwa mbaya zaidi. Lyson, rika lake, alipofariki, Maliko alichukua jembe akaenda makaburini na vijana wachimbaji. Hao kwetu ni watu wa heshima siku ya mazishi. Wanatania, wanadai chakula chao kwanza, na hakuna mzee wa kuwagombeza. Walimpokea jembe kwa upole, wakamtafutia kazi. Walimpa makoti yao ayashike. Alisimama pale na makoti saba begani mpaka kaburi likaisha, akisikiliza wenzake wanavyotaniana huko chini shimoni, na hakuna aliyemtania yeye.

Baada ya hapo akaacha kutoka. Watu walisema amekata tamaa. Kumbe nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu hamwoni, alikuwa anajifunza. Alikata mpini wa jembe ukawa mfupi, akapalilia amepiga magoti. Mananasi yalimfaa, kwa kuwa nanasi halina haraka na halitaki mikono miwili. Gunia alilifunga kwa meno. Kuunawa mkono ulio peke yake ni kazi kubwa kuliko unavyofikiri, basi alikita jiwe bapa penye bafu lake la nyasi, akalipaka sabuni, akausugua mkono juu yake. Baiskeli aliihamishia breki zote mbili upande wa kushoto. Mwaka wa pili alikuwa anauza mananasi mengi kuliko shemeji yake mwenye mikono yote. Hapakuwa tena na sababu ya kumwonea huruma, lakini huruma ya watu haikuwa inangoja sababu.

Sasa nije kwenye mpira.

Jumamosi moja Njati walikuja kucheza na Mphezi, na refa hakuwepo. Refa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mechi iliyotangulia alikimbizwa mpaka ndani ya mashamba ya chai, akalala huko mpaka watu walipotawanyika. Akaapa kwamba hatashika kipenga tena. Timu zimeshavaa, watu wamejaa, jua linapungua. Mimi nilikuwa nimeshika kibendera kwa sababu goti langu lilikuwa limeumia. Ndipo nahodha wa Njati alipomwona Maliko ameketi kwenye tuta, nyuma ya watu wote, akasema apewe yule.

Mwenzake akamwuliza kwa nini yule.

"Nani atampiga?" nahodha alisema. "Hata ukiwa mlevi huwezi kumpiga yule."

Walicheka kidogo, wakaona ni shauri zuri. Maliko alikuwa karibu, akasikia yote. Nilidhani atakataa. Alisimama, akajikung'uta mchanga, akachukua kipenga, akakifuta kwa shati, akakiweka mdomoni.

Nitasema ukweli: hakuwa mzuri siku ile. Alikimbia mno, alipuliza mno. Lakini dakika ya themanini na saba, bila kwa bila, mpira uliingia kwenye eneo letu na beki wetu Biziwiki akausukuma kwa kiganja. Wengi hawakuona. Mimi niliona, nikasita kuinua kibendera, maana nami ni mtu wa Nakhuni. Maliko hakusita. Alipuliza, akaenda mpaka penye alama, akaikanyaga. Penalti kwa Njati. Wakafunga, mechi ikaisha, tukafungwa nyumbani.

Matusi aliyotukanwa jioni ile sijawahi kuyasikia kabla wala baada. Walimwuliza amekula kuku wangapi wa Mthawira. Walimwita kipofu, mwizi, msaliti. Mama mmoja muuza maandazi, ambaye kila siku ya soko alimpa andazi la bure, alimfuata hadi nje ya uwanja akimwuliza kama aliyemzaa alimzalia gizani. Mjomba Sinoya mwenyewe alitema mate chini na kugeuka. Ngumi hazikurushwa. Nahodha wa Njati alikuwa sahihi katika hilo.

Nilimsindikiza nikiogopa atakuwa ameumia moyoni. Tulipanda njia ya kwenye chai. Tulipofika kwenye daraja la miti akasimama.

"Mdogo wangu Mayeso," akaniambia, "umesikia walivyoniita?"

Nikamwambia asiwajali.

"Wameniita mwizi. Miaka miwili hakuna mtu aliyenikasirikia. Hata mmoja. Niliwahi kumwaga togwa ya shangazi chungu kizima, akanipa pole. Leo hakuna aliyeutaja mkono. Umesikia yeyote akiutaja?"

Nikajaribu kukumbuka. Kweli hakuna aliyeutaja. Akacheka, na kwa kuwa nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ile Januari, nilishtuka.

Wiki iliyofuata alikwenda mji mdogo wa Luchenza kutafuta kitabu cha sheria za mpira. Alikisoma mpaka kurasa zikaachana na jalada, na baada ya miezi kadhaa akajiandikisha mtihani wa marefa. Nilifanya naye, yeye kwa kipenga, mimi kwa kibendera. Ofisa aliyetoka mjini alimtazama akasema refa lazima aoneshe ishara kwa mikono miwili: ile ya kuruhusu mchezo uendelee baada ya kosa, unanyoosha mikono yote mbele. Maliko hakubishana. Alimpa kile kitabu akamwomba amwoneshe mstari unaosema miwili. Ofisa alifungua, akafunga, akafungua tena. Mwisho akamwambia aoneshe anavyoweza. Maliko akaunyoosha mkono mmoja mbele na kuupeleka mara mbili, kama mtu anayeswaga ng'ombe wapite. Ofisa akaandika amefaulu.

Hivyo ndivyo alivyopata kazi yake, na kazi ile ina upweke wake. Kila Jumamosi alikuwa na watu mia nne wakimtazama, na Jumamosi ikiisha alipanda peke yake njia ya kwenye chai. Alijiwekea masharti yaliyokuwa makali kuliko kitabu. Hakunywa pombe Nakhuni wala Mthawira. Mananasi yake alimwuzia mchuuzi wa Luchenza tu, asije mchezaji akasema amenunua kwake. Kuku wa zawadi alimrudisha akiwa amefungwa miguu vile vile. Wakati wa ligi hakukaa kwenye baraza la mtu yeyote, hata la dada yake, kwa sababu shemeji alikuwa mtunza fedha wa Mphezi. Nilimwambia mara moja kwamba anazidisha. Akanijibu kwamba mtu anayeonewa huruma anaweza kupewa upendeleo pia, na yeye hataki kuanza kupima ipi ni ipi.

Msibani sasa watu walimkalia mbali kwa sababu nyingine. Vijana wa Mphezi wakimwona anakuja walihama mkeka, wakisema huyo ndiye aliyetunyima goli la dakika ya sita. Alikuwa akiketi pale pembeni, ametulia, kama mtu aliyelipwa haki yake. Lakini niliwahi kumwona anapowatazama wakicheka, na nisingesema alikuwa na furaha.

Alikuwa na Elube, kwa muda.

Elube Muhiye alikuwa mjane wa Mthawira, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza, aliyeuza togwa siku za mechi nyuma ya goli la juu. Alikuwa mtani. Maliko akija kununua kikombe wakati wa mapumziko, alimwuliza, "Bwana refa, na hiki nikipunguza kidogo utanipa kadi?" Watu wakicheka, Maliko naye alicheka. Baadaye wakawa wanazungumza hata siku ambazo si za mechi. Alimpitia sokoni, akamsaidia kuteremsha vyungu. Elube hakumpokea kitu mkononi hata mara moja. Akiwa na mzigo alimwambia ashike upande huu, basi. Nadhani hapo ndipo moyo wa Maliko ulipokwenda.

Mwaka huo mchuuzi wa mananasi alitoa fahali awe zawadi ya ligi ya vijiji. Fahali mweusi, alifungwa nyuma ya goli siku ya fainali, watu wakawa wanamtazama yeye kuliko wachezaji. Fainali ilikuwa Njati na timu ya vijana wa kule kwenye kambi za wafanyakazi wa chai. Mshambuliaji wa Njati alikuwa Gelesoni, mdogo wake Elube wa tumbo moja, kijana hodari lakini mwenye hasira. Kipindi cha kwanza alikuwa amekwishapata kadi ya njano kwa kumsukuma kipa.

Dakika ya sabini na nane, timu zikiwa sare ya bao moja kwa moja, krosi ikaingia. Gelesoni akaruka na kipa, mpira ukawa wavuni. Mthawira nzima iliingia uwanjani ikicheza. Nilikuwa nimekaa sawa na mstari na niliona mkono. Kidogo tu, ngumi iliyofichwa kando ya sikio. Kibendera nilikiinua, ila nilikiinua nikiwa nimeufunga moyo, kwa sababu nilijua ni mdogo wake nani. Maliko hata hakunitazama. Alikuwa ameshapuliza. Alikiacha kipenga kining'inie shingoni, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ya njano, akairudisha, akatoa nyekundu. Mkono ukiwa mmoja, kadi mbili zinachukua muda, na muda huo uwanja mzima ulinyamaza.

Njati wakafungwa dakika za nyongeza. Fahali akapelekwa kambini.

Jumatatu nilikwenda kwake kuchukua ripoti ya mechi niipeleke Luchenza. Alikuwa ameketi barazani anaiandika. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshajifunza, lakini polepole, na hakukubali mtu amwandikie. Mimi nilikuwa kando ya nyumba najaza upepo baiskeli. Elube akaja. Hakuniona, au aliniona akaona hakuna haja ya kunijali. Alisimama kwenye mkeka wa mbaazi zilizoanikwa, hakuketi.

Alimsalimia vizuri. Akamwambia kwamba mama yao hajala tangu Jumamosi, na kwamba kaka zake wamemwambia achague. Halafu akasema, "Ungeweza kutazama pembeni, Maliko."

"Ningeweza," Maliko akajibu.

"Hakuna ambaye angekulaumu. Hata wale wa kambini. Wangesema ni kilema wa watu, kachoka, hakuona vizuri. Wangekuelewa."

Baiskeli nikaiacha. Maliko aliweka kalamu juu ya karatasi, akaiweka sawasawa isibingirike.

"Na wewe?" akamwuliza. "Wewe nawe ungesema hivyo?"

"Mimi ningesema nini? Ningenyamaza."

"Nimepoteza mkono, Elube. Macho ninayo."

"Najua unayo."

"Basi usinitoe na hayo."

Sidhani Elube alikuja kwa ubaya; nadhani ndiyo njia aliyoiona, na alikuja kumwonesha kwa kuwa alimpenda. Akainama, akazikusanya mbaazi alizokuwa amezikanyaga, akazirudisha katikati ya mkeka kwa kiganja. Halafu akaenda zake kwa njia ya mtoni.

Maliko akachukua kalamu. Aliandika jina la Gelesoni Muhiye, akaandika kosa. Kisha akaniuliza, bila kugeuka, kama ilikuwa dakika ya sabini na saba au sabini na nane. Nikamwambia sabini na nane.

Jumamosi iliyofuata alichezesha kama kawaida. Nyuma ya goli la juu palikuwa na mwanamke mwingine anauza togwa, na wakati wa mapumziko Maliko alikunywa maji ya kisimani. Baada ya mwaka nikasikia Elube ameolewa na fundi seremala huko Luchenza. Mimi ndiye niliyempelekea Maliko habari. Aliniuliza fundi ni mtu wa namna gani. Nikasema nasikia ni mpole, hanywi. Akasema vizuri, akaendelea kufunga gunia kwa meno.

Miezi ile hakuniita kwake hata kidogo, na nikipita nilisikia redio inazungumza ndani, sauti kubwa, kama kwamba kuna watu wengi.

Sitaki mtu afikiri aliishia hapo. Alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, akaezeka mabati. Shamba likafika hadi kwenye kijito. Chama cha marefa cha wilaya kikaanza kumletea wanafunzi, kikundi kwa kikundi, akawafundisha siku za juma pale uwanjani, akiwakimbiza mpaka watapike. Mgeni mmoja kutoka mjini alikuja kutazama mechi za upande wetu, akauliza kwa nini marefa wote wa huku wakiruhusu mchezo uendelee wanapeleka mkono mmoja mara mbili, na mwingine wameubana mgongoni. Wale vijana walikuwa hawajui kwamba kuna namna nyingine.

Gelesoni alifungiwa mechi sita. Hakumsalimia Maliko tena, wala Maliko hakumtarajia. Miaka minne ikapita, Gelesoni akawa nahodha wa Njati, na fainali ikawa Njati na Mphezi. Kikao cha kuchagua refa kilianza asubuhi kwenye ofisi ya chifu. Kila jina lililotajwa, upande mmoja ulilikataa. Huyu mkwe wa fulani, yule alionekana akinywa na fulani. Jina la Maliko halikutajwa kwa sababu ni mtu wa Nakhuni na kila mtu alijua Njati hawatakubali. Saa saba mchana Gelesoni akasimama.

"Mleteni yule aliyeninyang'anya fahali," akasema.

Mwenyekiti wao akamvuta shati aketi. Hakuketi.

"Simpendi. Tukikutana njiani sitamsalimia, na mkimleta sitampa mkono. Lakini nikianguka ndani ya boksi, mimi najua kama nimeangushwa au nimejiangusha, na yeye anajua. Hawa wengine mnaowataja hawajui."

Kikao kikaishia hapo. Nilikwenda mimi kumwambia Maliko, nikamweleza maneno yote kama yalivyosemwa. Alikuwa anapalilia, amepiga magoti. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mechi ni saa ngapi. Nilipogeuka kuondoka nikamsikia anayarudia kwa sauti ndogo, yale ya kutompa mkono. Nadhani yalimpendeza kuliko yote.

Siku ya fainali Gelesoni alitimiza ahadi. Alipita mbele yake akitazama mlima. Njati walishinda mbili kwa moja, kwa haki, na Nakhuni haikumsemesha Maliko mpaka mvua zilipoanza.

Mimi nilihamia Blantyre, nikapata kazi ya ulinzi kwenye bohari. Mwaka jana nilirudi kumzika mjomba wangu, na Ijumaa alasiri nikapita kwa Maliko. Ana miaka hamsini na moja sasa. Ndevu zina mvi, tumbo hana, bado anakimbia asubuhi kwenye njia za chai kabla wachumaji hawajaingia. Alikuwa anachemsha mbaazi. Safari hii alinikaribisha ndani, akanipa kiti, na mwenyewe akaketi kwenye kreti la soda.

Tulizungumza habari za sheria mpya ya kuotea, ambayo haipendi. Nikamwuliza anaendeleaje peke yake. Alifikiri kama anayeulizwa swali la mtihani.

"Jumamosi sina shida," akasema. "Siku za juma nina shamba, nina wanafunzi. Jumapili ndiyo ndefu. Watu wanatoka kanisani, wanakaa wanazungumza mechi ya jana, na refa hawezi kuzungumza mechi ya jana. Basi nakaa ndani. Natengeneza tengeneza vitu."

Nikamwambia angeweza kustaafu, akaingia kwenye mazungumzo kama watu wengine.

"Ningeingia wakanyamaza," akasema. Halafu akaongeza kwamba labda miaka miwili mitatu mbele, goti likikataa. Alisema bila huzuni, akipima chumvi kwa kidole.

Tulikula, kila mtu na bakuli lake, kwa vijiko, huku redio ikisema habari za bei ya tumbaku. Nilimweleza habari za mjini, akaniuliza kama wanangu wanacheza mpira. Nikamwambia wanacheza kwenye simu. Alitikisa kichwa, lakini alitabasamu.

Saa kumi na moja haijafika akaanza kukusanya vyombo. Jua bado lilikuwa juu ya mlima. Nikajua ananiaga, hakuwahi kupenda wageni siku moja kabla ya mechi. Alinisindikiza mpaka kwenye mhimili wa baraza, akaniambia niwasalimie nyumbani, nami nikamwambia siku njema kesho, kaka Maliko.

Nilipofika barabara kuu nikakumbuka sikumwuliza ni nani anacheza na nani.